Nipe Mji: Machakos na Ustadi wa Kubishana Bila Kukosana

Katika madarasa ya Kiswahili nchini Kenya, mchezo wa vitendawili huanza vilevile kila siku. Mmoja huita, "Kitendawili!" Wenzake humjibu, "Tega!" Hutega, wenzake hukisia, hukosea, hukisia tena. Wakichoka, mtegaji hudai haki yake: "Nipeni mji." Hapo mtoto wa Mombasa hutoa Machakos, na mtoto wa Machakos hutoa Mombasa. Mtegaji hueleza kwa madaha jinsi alivyofika katika mji huo akapokewa kwa shangwe, kisha hufumbua fumbo lake, na zamu humwendea mwingine.

Sharti hilo la mji halichukui hata dakika moja, lakini limebeba hekima ya vizazi. Aliyeshindwa amelipa deni lake mbele ya watu, deni limepokelewa, na papo hapo amepata haki ya kutega fumbo lake mwenyewe. Hakuna anayemwita mjinga. Hakuna anayemtoa katika duara. Kushindwa kumepewa adabu yake, na mchezo unaendelea.

Machakos ni mahali pazuri pa kufuatilia historia ya adabu hiyo, maana mji huu umeona mashindano ya kila namna: ya vitendawili, ya ng'ombe, ya serikali na raia, hata ya majeshi yaliyokuwa yamepigana kwa karibu miaka 20. Jina lake lenyewe limetokana na Masaku, mtu mashuhuri wa Wakamba ambaye wageni walishindwa kulitamka jina lake sawasawa. Kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa ilijenga kituo hapo mwaka 1889, na kwa miaka 10 hivi Machakos palikuwa kitovu cha utawala wa bara, mpaka mwaka 1899 ofisi zilipohamishiwa Nairobi kufuata reli.

Mtafiti wa Sweden, Gerhard Lindblom, alifika Ukambani mwaka 1911. Kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba kilichapishwa Uppsala mwaka 1920, na baadaye akatoa mikusanyo ya ngano, methali na vitendawili vya watu hao. Wakamba nao wana mlango wao wa kuingilia fumbo: "Kwata ndai!", yaani shika kitendawili, na jibu lake ni "Nakwata!", nimeshika. Lindblom alieleza pia habari za thome, uwanja ulio nje ya lango la boma, ambapo wanaume waliota moto jioni, wakazungumza habari za siku na kuamua mashauri, vijana wakisikiliza. Ukiitazama kwa makini, thome ilikuwa na nguvu moja ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote. Waliotofautiana mchana walijua kwamba jioni moto ni ule ule, na viti ni vile vile. Ni vigumu kumtukana mtu utakayeketi karibu naye kabla ya usiku kuingia.

Mashauri mazito yalipelekwa kwa nzama, baraza la wazee. D. J. Penwill, ofisa wa utawala wa kikoloni, alikusanya sheria za kimila katika Wilaya ya Machakos, na kitabu chake kilitoka mwaka 1951. Hata damu ilipomwagika, njia iliyotafutwa kwanza ilikuwa fidia: ukoo uliokosa uliulipa ukoo uliokosewa kwa ng'ombe, ili watu waendelee kuoana, kuchota maji na kulisha mifugo katika nchi moja. Pale ushahidi ulipokwama, palikuwa na kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko vyote. Iliaminika kwamba anayeapa uongo hafi peke yake, bali huangamia pamoja na jamaa zake. Kwa sababu hiyo kithitu hakikukimbiliwa. Kilikuwa mwisho wa njia, na watu waliojua kwamba mwisho wa njia una kaburi walijitahidi kumaliza maneno kabla ya kufika huko.

Kutoka moto wa thome hadi ubao wa bao si mbali. Michezo ya mashimo na mbegu imeenea Afrika Mashariki yote, na umri wake ni mkubwa. Katika kilima cha Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, mashimo ya mchezo wa jamii hiyo yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Pwani, bao la Kiswahili limefikia upeo wa ugumu: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na kila mchezaji akimiliki safu mbili. Mchezo wa namua huanza kwa kila mmoja kuwa na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, kisha akiba ikimalizika wachezaji huingia katika mtaji. Mbegu za komwe hutembea shimo hadi shimo kwa kasi inayomchanganya mgeni. Mtaalamu wa Uholanzi Alex de Voogt, aliyejifunza kwa mafundi wa Zanzibar, aliandika tasnifu nzima mwaka 1995 kuhusu akili ya watu hawa wanaohesabu bila karatasi wala kalamu.

Kuna jambo moja katika bao linalofaa kutazamwa na kila anayetaka kuelewa ubishi wa kistaarabu. Katika sataranji na drafti, kinacholiwa hutolewa nje ya ubao. Katika bao, hakuna kete inayotoka. Ukila kete za mwenzako, unazisambaza upande wako, na baada ya mizunguko michache huenda zikarudi kwake. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zitakazomaliza. Wala kete hazina rangi ya mwenyewe. Ni za yule ambaye ziko katika safu zake kwa wakati huo. Mpinzani unayemla sasa ndiye anayeshika mbegu utakazozihitaji kesho. Mchezo uliojengwa hivyo huufundisha mkono kabla haujaufundisha mdomo.

Halafu kuna watazamaji. Barazani, bao halichezwi faraghani. Ubao uko wazi, kila aliyeketi anaona kete ikidondoka wapi, na mchezaji akiruka shimo kwa bahati mbaya au kwa makusudi, macho kumi yameshaona. Kejeli zipo, na wakati mwingine ni kali, lakini zina mashahidi, na aliyezitoa atakuwa hapo kesho baada ya sala ya alasiri.

Isidhaniwe kwamba ubao hulinda roho. Aprili 7, 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi huko Kisiwandui, akiwa ameketi na wenzake kwenye bao. Siasa iliyokosa pa kusemea iliingia na bunduki mahali ambapo watu walikuwa wakishindana kwa mbegu. Anayesimulia adabu za baraza bila kuitaja siku hiyo anasimulia nusu.

Machakos nako kulikuwa na siku zake ngumu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa lazima. Sababu iliyotolewa ilikuwa mmomonyoko wa udongo, na kweli milima ilikuwa imechakaa. Lakini ng'ombe waliochukuliwa waliuzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikihitaji mifugo. Wenye ng'ombe hawakuhitaji kuelezwa uhusiano huo mara mbili. Julai mwaka huo, wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu waliondoka vijijini na kwenda Nairobi, wengi kwa miguu, kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association.

Gavana hakutaka kuwaona. Nao hawakuchoma kitu. Waliketi Nairobi kwa wiki kadhaa, wakapika, wakalala, wakangoja, na kila siku iliyopita ilizidisha aibu ya serikali. Hatimaye gavana alikwenda Machakos kuzungumza na watu barazani. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali kabisa na milima ya kwao, lakini kabla mwaka haujaisha upunguzaji wa lazima ulikuwa umeachwa. Leo mtaa mmoja mkubwa katikati ya Nairobi una jina lake.

Kosa la serikali mwaka ule halikuwa kutofautiana na Wakamba kuhusu udongo. Udongo ulikuwa hoja ya haki, na miaka iliyofuata wakulima wa Machakos wenyewe walichimba matuta mpaka milima yao ikawa mfano wa hifadhi unaoandikwa vitabuni. Kosa lilikuwa kuendesha ubishi bila kumwachia mwenzako pa kuketi. Watu walipokosa pa kuketi nyumbani, walikwenda kuketi mlangoni kwa gavana.

Miaka 64 baadaye Machakos palipewa kazi ya upatanishi ambayo wachache waliitarajia. Vita vya Sudan kati ya serikali ya Khartoum na waasi wa Kusini wa SPLM/A vilikuwa vimeanza mwaka 1983, na watu wapatao milioni mbili walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi. IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hiyo, ilikuwa imejaribu kupatanisha tangu miaka ya 1990, mikutano ikafunguliwa na kufungwa bila matunda. Rais Daniel arap Moi alimteua Jenerali Lazaro Sumbeiywo, kamanda wa jeshi la nchi kavu la Kenya, kuwa mjumbe wake maalumu. Juni 2002 pande mbili ziliwekwa Machakos, umbali wa kilomita 60 na kitu kutoka Nairobi: karibu kiasi cha kufikiwa, mbali kiasi cha kuepuka kamera na wapambe.

Watazamaji walikuwapo, kama kwenye bao: Marekani, Uingereza, Norway na Italia. Wataalamu wa sheria na katiba walikuwapo pia, akiwamo Nicholas Haysom wa Afrika Kusini. Lakini waliokuwa na kete mkononi ni Wasudani wenyewe. Sumbeiywo alisimamia utaratibu wa kufanya kazi juu ya andiko moja lililorekebishwa hatua kwa hatua, badala ya kila upande kuja na waraka wake na kuusoma kama hotuba. Ndiyo tofauti kati ya watu wawili wenye mabao mawili na watu wawili wenye bao moja.

Julai 20, 2002, Itifaki ya Machakos ilitiwa saini na Ghazi Salahuddin Atabani kwa upande wa serikali na Salva Kiir Mayardit kwa upande wa SPLM, Sumbeiywo akiwa shahidi. Maswali mawili yaliyokuwa yamevunja mikutano yote ya nyuma, dini na dola, na haki ya Kusini kujiamulia, yalipata jibu: sheria ya Kiislamu ingebaki msingi wa sheria Kaskazini bila kuwahusu watu wa Kusini, na baada ya miaka sita ya mpito watu wa Kusini wangepiga kura kuchagua umoja au kujitenga. Wiki moja baadaye Rais Omar al-Bashir wa Sudan na kiongozi wa SPLM, John Garang, walikutana Kampala.

Jambo la kuzingatia ni lile lililotokea baadaye. Mwanzoni mwa Septemba SPLA, jeshi la SPLM, iliuteka mji wa Torit, na ujumbe wa Khartoum ukaondoka Machakos kwa hasira. Katika vita vingi habari ingekwisha hapo. Lakini meza ilikuwa bado ipo, msuluhishi alikuwa bado yupo, na kilichokwisha kuandikwa hakikufutwa. Oktoba 15 pande hizo zilitia saini makubaliano ya kusitisha mapigano, zikarudi kuketi. Njia iliendelea hadi Naivasha na hatimaye Nairobi, ambako mkataba kamili ulisainiwa Januari 9, 2005. Kura ya maoni ilifanyika Januari 2011, na Sudan Kusini ikawa nchi Julai 9 mwaka huo. Vita vya ndani vilivyozuka Juba Desemba 2013 vilikuwa kati ya watu waliokuwa upande mmoja wa meza ile, na waliokosa wao kwa wao meza ya namna hiyo.

Tukirudi kwenye mchezo wenyewe, ubao umehamia wapi leo? Umeingia katika simu. Kijana wa Machakos mwenye data kidogo anaweza kucheza sataranji usiku na mtu wa Manila au Buenos Aires asiyemjua jina wala sura. Lichess, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haimdai hata senti. Faida ni kubwa, na wachezaji wa Afrika Mashariki wasio na makocha wala vitabu wameipata. Lakini mambo matatu ya baraza yamebaki nyuma: hakuna moto wa kurudia jioni, hakuna macho ya majirani, na hakuna mji wa kumpa mshindi. Aliyeshindwa hufunga dirisha na kutoweka, na mara nyingine huacha tusi. Mashirika ya mchezo yameweka vitufe vya kuzima mazungumzo na kuripoti matusi. Hivyo vinasaidia, ila kumziba mtu mdomo ni kazi tofauti na kumpa pa kuketi.

Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, lilianzishwa Paris Julai 20, 1924, tarehe na mwezi ule ule wa Itifaki ya Machakos, na kaulimbiu yake ya Kilatini ina maana kwamba sisi ni jamii moja. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga kumbi, FIDE iliandaa Olimpiadi yake ya kwanza mtandaoni, na zaidi ya nchi 160 zilishiriki. Hapo ndipo jamii hiyo moja ilipojaribiwa.

Agosti 28, katika robo fainali, mchezaji wa Armenia alikatikiwa na mtandao akicheza na India, saa ikaisha, akahesabiwa kushindwa. Armenia ikakata rufaa, rufaa ikakataliwa, na timu nzima ikajitoa. Siku mbili baadaye, kwenye fainali dhidi ya Urusi, ilikuwa zamu ya India: hitilafu kubwa ya intaneti iliyokumba nchi nyingi iliwatoa wachezaji wake wawili hewani na saa zao zikaisha. India nayo ikakata rufaa. Safari hii rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, aliamua dhahabu itolewe kwa timu zote mbili, Urusi na India.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa heshima. Lakini Waarmenia wana haki ya kuuliza. FIDE ingeweza kujitetea kwamba hitilafu ya Agosti 30 iligusa nchi nyingi na ile ya Agosti 28 iligusa nyumba moja. Hata hivyo, aliyepotezewa mchezo na waya haoni tofauti. Wazee wa nzama wangelijua tatizo hilo bila kuona kompyuta hata moja: ng'ombe wa fidia wasipotolewa kwa kipimo kile kile kwa kila ukoo, ukoo uliopunjwa huhama.

Kenya ina mfano wake ulioshughulikiwa vizuri zaidi. Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya jijini Nairobi, mchezaji aliyevaa buibui na miwani alijiandikisha katika kundi la wanawake, akawa anawashinda wenye majina makubwa. Hakuwa akizungumza na mtu. Waamuzi walianza kushuku, hasa walipotazama viatu vyake, lakini walikuwa na mzigo mgumu. Kumvua mtu vazi la dini yake mbele ya umati kwa kumdhania tu kungekuwa dhuluma ambayo hakuna radhi ingeifuta. Kwa hiyo wakangoja. Raundi ya nne ilipokwisha walimwita kando, katika chumba cha faragha. Alikuwa mwanamume, mwanafunzi wa chuo kikuu. Akakiri, akaomba msamaha, akasema shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma.

Vikundi vya michezo ya mezani vinaanzishwa kwenye simu za Wakenya. Wanaovianzisha na wamtaje mwamuzi kabla ya mchezo wa kwanza, kanuni ya mtandao kukatika iandikwe kabla haujakatika, na pawepo chumba cha kando cha kuzungumza na aliyekosa. Katika mashindano yale ya Nairobi, mdanganyifu alipokwisha kuondolewa, pointi zake zote zilifutwa na wanawake aliowashinda wakarudishiwa zao.